Tamko la madereva, wachimbaji wadogo na wafanyabiashara wa Sekenke kuhusu ujenzi wa jengo la Ubalozi Mdogo wa Tanzania Lubumbashi

Sisi madereva, matingo, wachimbaji wadogo na wafanyabiashara tuliojiunga katika chama kimoja hapa Sekenke, wilayani Iramba, mkoani Singida, tumekutana katika mkutano mkuu wa wanachama na kujadili suala la Serikali kujenga majengo yake yenyewe nje ya nchi kwa ajili ya balozi na balozi ndogo. Kwa kauli moja tumeazimia kutoa tamko hili kwa Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, kwa Bunge, kwa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi watakaopewa kazi hiyo, na kwa wananchi wote.

Tunajua swali litakaloulizwa kabla hata aya hii haijaisha: Sekenke na ubalozi wapi na wapi? Tunalijibu. Mgodi wa Sekenke ulianza kutoa dhahabu wakati wa Wajerumani, mwaka 1909. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewafungia Wajerumani njia ya bahari, dhahabu ya hapa ndiyo iliyofuliwa sarafu ya rupia 15 katika karakana ya reli Tabora: tembo upande mmoja, tai wa kifalme upande wa pili. Sarafu hiyo leo inagombewa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Kwa maneno mengine, vitu vyetu vilianza kusafiri zamani, na sasa tunasafiri wenyewe. Mlima wetu uko kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma na Singida kwenda Nzega, kisha Rusumo, Kigali, Bujumbura na mashariki ya Kongo. Semi inayoshuka Sekenke usiku huu kuelekea Shelui na mbuga ya Wembere, keshokutwa iko nchi ya watu. Vijana wetu wengine wamehamia njia ya Tunduma; wanaikata Zambia hadi Kasumbalesa na kuingia Lubumbashi kufuata shaba. Kwa familia zao ofisi ya ubalozi mdogo ni ya lazima kama ofisi ya mtendaji wa kata, ila hii ya kata unaifikia kwa bodaboda.

Mwezi Septemba 2016 madereva Watanzania walitekwa na waasi eneo la Namoya, mashariki ya Kongo, na malori yakachomwa moto. Waliokolewa na jeshi la Kongo. Siku zile ndugu walishinda redioni wakisubiri jina. Tunalikumbusha tukio hilo kwa sababu linaonyesha ukubwa wa nchi tunayoizungumzia. Ubalozi wetu uko Kinshasa, na kutoka Kinshasa hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege. Barabara ya lami ya moja kwa moja haipo. Dereva aliyekwama Kasumbalesa au Kolwezi hana Kinshasa. Ana Konseli Kuu ya Lubumbashi tu, yaani huo ubalozi mdogo. Ndiyo maana tamko hili linaitaja Lubumbashi kwa jina, ingawa mengi tunayoyasema yanafaa pia Dubai, Jeddah na Mombasa.

Tunaunga mkono Serikali kumiliki majengo yake. Kodi ya pango hulipwa kwa fedha za kigeni mwaka hadi mwaka, na mwisho wa yote mwenye nyumba ni yuleyule. Tumefuatilia mradi wa majengo pacha wa eneo la Upper Hill, Nairobi, unaogharamiwa na Mfuko wa NSSF, ambapo ofisi za ubalozi zitakaa pamoja na wapangaji wa kibiashara. Hatuna ugomvi na hesabu hiyo, japo tungependa kusema pembeni kwamba wengi wetu tunaendesha bila mkataba na waajiri hawatuchangii NSSF, hivyo hata huo mnara hatuna tofali letu ndani yake. Lakini ramani ya jengo la kupangisha na ramani ya ubalozi mdogo haziwezi kuwa moja. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu Uhusiano wa Kikonseli, ibara ya 55, unaruhusu ofisi nyingine kuwamo katika jengo lenye ubalozi mdogo kwa sharti kwamba zitengwe nao kabisa, na ofisi hizo hazihesabiwi kuwa sehemu ya ubalozi. Ibara ya 31 nayo inazuia mamlaka za nchi mwenyeji kuingia bila idhini, ila kinga hiyo inahusu sehemu inayotumika kwa kazi za konseli peke yake, na panapotokea moto au maafa mengine ya dharura idhini huchukuliwa kuwa imetolewa. Kumbe mstari wa kisheria unapita katikati ya jengo. Mbunifu asipouchora kwa ukuta, mlango na ngazi tangu siku ya kwanza, mawakili watakuja kuuchora baadaye kwa gharama kubwa. Chumba cha nyaraka, ambazo ibara ya 33 inazilinda wakati wowote na popote zilipo, hakiwezi kupakana na mgahawa wa mpangaji.

Sasa tuje kwenye jambo tunalolijua kuliko mbunifu yeyote: kusubiri.

Majengo mengi ya ofisi za kigeni huchorwa kuanzia mbele. Kwanza bendera, kisha ngazi, kisha ukumbi wa tafrija, kisha ofisi ya mkubwa yenye dirisha la kuona mji. Chumba cha wenye shida kinapatikana mwishoni, katika nafasi iliyobaki, mara nyingi karibu na geti la nyuma. Wanachama wetu wameketi katika vyumba vya namna hiyo katika nchi kadhaa, katika ofisi za mataifa mbalimbali ambazo hatuna sababu ya kuzitaja. Kaunta ina kioo kinene chenye tundu la duara, na tundu liko usawa wa kifua cha mtu wa kimo cha kawaida. Ili karani akusikie unainama, unapachika mdomo kwenye tundu, na kwa kuwa kioo kinameza sauti unapaza. Hivyo dereva anayesema kwamba ameibiwa hati ya kusafiria akiwa nyumba ya wageni, tena usiku, anawasimulia watu wote waliopo chumbani. Akiulizwa "usiku ule ulikuwa na nani?" anajibu hivyohivyo kwa sauti. Jambo dogo, mtaalamu atasema. Lakini kwa tundu hilo watu wengi huamua kunyamaza, na mtu aliyenyamaza mbele ya konseli hawezi kusaidiwa.

Kwa hiyo tunataka mchoro wa jengo uanzie kwenye benchi na kaunta, ndipo uende kwenye bendera. Kaunta ziwe na vizuizi vya pembeni na vipaza sauti vya chini, na iwepo moja iliyo fupi kwa mwenye kiti cha magurudumu. Sehemu ya kusubiri iwe na paa tangu nje ya geti, kwa sababu foleni huanzia nje, na Lubumbashi inanyeshewa sana kuanzia Novemba hadi Machi. Vyoo viwe upande wa umma, wala mtu asiombe ufunguo kwa mlinzi. Soketi za kuchajia simu ziwekwe ukutani karibu na mabenchi. Mtu aliyekaa mpakani siku kadhaa anafika na simu iliyozima, na namba zote za ndugu zimo humo. Wataalamu wakiona soketi ni jambo la kihuni kuliweka katika tamko, waende Kasumbalesa wakakae kwenye foleni ya malori.

Kuna vyumba vitatu ambavyo hatujaviona popote vikipewa heshima yake. Cha kwanza ni cha wafiwa. Ibara ya 37 ya mkataba huohuo inaitaka nchi mwenyeji iuarifu ubalozi mdogo bila kuchelewa pale raia wa nchi husika anapofariki. Kutoka hapo zinaanza karatasi: cheti cha kifo, kibali cha kusafirisha mwili, uthibitisho wa hospitali, forodha za nchi mbili au tatu. Tingo aliyebaki na gari, na mzigo, na maiti ya dereva wake hospitalini, hapaswi kupanga foleni moja na mfanyabiashara anayefuatilia viza. Apewe chumba chenye mlango wake, meza, maji ya kunywa na simu inayopiga nyumbani. Sisi ndio tunaopokea simu hiyo huku Shelui na Sekenke. Tunajua jinsi inavyosikika inapopigwa kutoka kwenye ukorido.

Cha pili ni cha mahojiano na wenye kesi, wakiwemo ndugu na wakili wa mtu aliyeko mahabusu. Ibara ya 36 inampa mtuhumiwa haki ya kuomba ubalozi wake uarifiwe, nayo inampa ofisa wa konseli haki ya kumtembelea. Baada ya ziara ya gerezani yapo maneno ya kuwaambia ndugu ambayo hayasemwi dirishani.

Cha tatu ni cha malazi: vitanda vichache, bafu na jiko dogo. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani Watanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu ilieleza wanawake walionyang'anywa hati zao za kusafiria na kunyimwa mishahara. Mkoa wa Singida unajua vizuri habari ya binti kuondoka kwenda kufanya kazi za ndani. Kutoka Dar es Salaam hadi Ghuba ni hatua moja tu ya ziada. Mtu aliyekimbia nyumba ya mwajiri saa nane usiku akagonga geti la nchi yake, lazima kuwe na mahali pa kumweka mpaka asubuhi. Lubumbashi, chumba hichohicho kitamfaa dereva aliyeporwa kila kitu.

Kuhusu usalama, tunaiomba Wizara isikubali kuuziwa jengo la vioo kwa sababu tu linapendeza kwenye picha. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa zaidi ya watu 200, Dar es Salaam 11. Wengi wa waliojeruhiwa Nairobi hawakuwa na uhusiano wowote na ubalozi ule. Walikuwa maofisini katika majengo ya jirani, wakasikia mshindo wa kwanza, wakasogea dirishani kutazama, na bomu kubwa likawarushia vioo usoni. Baadhi walipoteza macho. Jengo la Ufundi, lililokuwa ubavuni, likaporomoka. Wamarekani wakahamia kwenye majengo mapya, Gigiri kule Nairobi na Msasani huku Dar es Salaam, yaliyowekwa mbali na barabara na kuzungushiwa kuta nene. Hatusemi Tanzania inawindwa kama wao, wala hatutaki ubalozi mdogo unaofanana na ngome ambayo raia anaogopa kuisogelea. Tunasema kwamba dirisha dogo lenye kioo kisichopasuka vipande vipande, uwanja kati ya geti na jengo, na njia ya pili ya kutokea ni mambo ya bei nafuu yakichorwa mapema. Na mlango wa umma usitumike kupitisha magari ya wakubwa. Anayebuni akumbuke kwamba jirani naye ana macho.

Lubumbashi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,200 hivi, na ina kiangazi cha baridi kuanzia Mei. Nyumba nzuri za mji ule ni za matofali ya kuchoma, na udongo wa vichuguu ambao wenyeji huutumia kufyatulia matofali umejaa kila upande. Jengo la matofali ya pale, lenye veranda pana na madirisha yanayotazama kaskazini na kusini, litakaa na watu vizuri kuliko mnara wa vioo unaotegemea viyoyozi. Sehemu ya umeme wa Katanga, eneo la Lubumbashi, hutoka bwawa la Inga kwa njia ya takriban kilomita 1,700 hadi Kolwezi, nao hukatika. Tangu Januari 2018 Tanzania inatoa hati ya kusafiria ya kielektroniki, inayohitaji alama za vidole, picha ya mashine na mawasiliano na Idara ya Uhamiaji nyumbani. Umeme ukikatika, mtu aliyetoka Kolwezi, kilomita 300 hivi, analala mjini kwa gharama yake. Sola na betri kwa ajili ya mashine hizo ziingizwe katika bajeti ya msingi. Zikiachwa kuwa nyongeza zitakatwa, kama nyongeza zinavyokatwa siku zote.

Kiwanja nacho. Wakubwa hupenda mtaa wa mabalozi, wenye miti na ukimya. Semi haifiki huko, na mara nyingi dereva hawezi kuliacha gari na mzigo wa watu akapanda teksi nusu siku. Tunaomba kiwanja kitafutwe upande wa barabara inayoingia kutoka Kasumbalesa, ambako ni kilomita 90 hivi, mahali penye uwanja wa malori jirani. Kama haiwezekani, basi pawepo dawati la kudumu mpakani lenye ofisa mwenye muhuri. Tumeona Rusumo, ambako tangu 2016 kituo cha pamoja cha forodha kinafanya kazi: dereva anamaliza nchi mbili chini ya paa moja. Dawati moja la konseli katika kituo cha aina hiyo lingepunguza nusu ya foleni ya Lubumbashi.

Ibara ya 30 inaitaka nchi mwenyeji kusaidia upatikanaji wa eneo. Serikali yetu imetenga viwanja kwa ajili ya balozi za nje jijini Dodoma, mahali ambapo mwanachama wetu anafika kwa basi la asubuhi. Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Tunaona ni haki kabisa mazungumzo yakawa ya kiwanja kwa kiwanja, na makubaliano hayo yakawekwa wazi.

Tunasisitiza uwazi kwa sababu historia ya majengo haya katika kanda yetu haijatulia. Ununuzi wa jengo la ubalozi wetu Roma ulifikishwa mahakamani mwaka 2007, hoja kubwa ikiwa kuwapo kwa mikataba miwili ya mauziano ya jengo moja. Washitakiwa waliachiwa huru Agosti 2012, na hukumu hiyo tunaiheshimu. Oktoba 2010 waziri wa mambo ya nje wa Kenya alikaa kando kupisha uchunguzi wa ununuzi wa majengo ya balozi, hasa la Tokyo, kisha akarejea kazini. Hatumshitaki mtu upya. Tunachokiona katika kesi zote mbili ni kwamba miaka ilipotea kwa sababu bei, mthamini na sababu ya kuchagua jengo lile havikuwa mezani tangu mwanzo. Kwa Lubumbashi tunataka shindano la wazi la michoro kwa wabunifu waliosajiliwa, bei ya kiwanja itangazwe, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aanze kukagua mradi ukiwa unaendelea, asisubiri jiwe la msingi ligeuke jiwe la kaburi la fedha.

Lipo pia pendekezo ambalo lilizua mabishano makali mkutanoni na likapita kwa kura, wala halikupita kwa kauli moja kama mengine. Nchi tano za Nordiki zilijenga balozi zao Berlin katika eneo moja, lililofunguliwa mwaka 1999, na kuzizungushia ukuta mmoja wa shaba wa kimo cha mita 15. Kila nchi ina jengo lake, na katikati kuna jengo la pamoja la mikutano na maonyesho. Dar es Salaam kwenyewe, Umoja House ilijengwa kuziweka Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na Umoja wa Ulaya chini ya paa moja. Ikiwa wao wanaweza kugawana geti na jenereta katika nchi yetu, Tanzania inaweza kuzikaribisha nchi jirani katika kiwanja chake cha Lubumbashi. Ibara ya 8 inaruhusu hata ubalozi mdogo mmoja kuhudumia raia wa nchi nyingine, mradi mwenyeji aarifiwe na asipinge. Waliopinga mkutanoni walisema foleni itazidi urefu. Waliounga mkono walisema dereva wa Rwanda na wa Burundi tunalala naye chini ya trela moja mvua ikinyesha. Kumbukumbu za mkutano zinaonyesha hoja zote mbili, na Wizara tunaipelekea zote.

Kuhusu mapambo tuna ombi moja. Picha ya Mlima Kilimanjaro na kinyago cha Kimakonde vibaki. Ila ramani ya Tanzania itakayowekwa ukutani kwenye sehemu ya kusubiri iwe kubwa na ionyeshe wilaya, mtu aliye mbali aweze kuweka kidole kwenye Iramba.

Mwisho, tunataka michoro ya awali, kabla ya zabuni kutangazwa, ibandikwe Tunduma, Rusumo, Mutukula, Kabanga na hapa Sekenke kwa muda wa kutosha, ielezwe kwa Kiswahili, na maoni ya watumiaji yajibiwe kwa maandishi. Chama kimeteua wajumbe, wakiwemo wajane wawili wa madereva na tingo mmoja aliyewahi kubaki peke yake na gari Kasumbalesa, watakaokuwa tayari kuitwa na mbunifu wakati wowote. Nauli ya kuwafikisha Dodoma tumeshaichanga.

Limetolewa Sekenke, wilayani Iramba, na Kamati ya Utendaji kwa niaba ya wanachama. Nakala: Ofisi ya Mkuu wa Mkoa wa Singida, Ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Iramba, Konseli Kuu ya Tanzania, Lubumbashi.